Ini Halipigi Kelele: Mbona Vijana Kibao Hujua Wako na Hepatitis B Kwenye Medical ya Gulf?

Ukitaka kujua mambo ya Hepatitis B yako aje hapa Kenya, usianzie kwa wizara. Anzia kwa foleni ya vijana wanaofanyiwa medical ya kwenda kusaka job Saudia, Qatar ama Kuwait. Hapo ndipo msee wa miaka 27, mzima kabisa, anapiga boli kila Jumapili, anatolewa damu, halafu baada ya siku chache anaambiwa karatasi yake imeandikwa "unfit". HIV hana. TB hana. Ako na Hepatitis B, na mara nyingi hiyo ndiyo siku ya kwanza anaskia hilo jina likitajwa pamoja na lake.

Pasi ishatoka. Doo ya agent ishaenda. Mathe alishachukua loan ya chama. Na mtu wa mapokezi hana muda wa kueleza chochote, kwa sababu kazi yake ni kusema ndio ama la. Hakuna anayekuambia uende wapi, umeze nini, ama umwambie nini dem wako. Unashuka ngazi na karatasi mkononi, unaingia Google, na Google inakuambia kansa ya ini.

Tatizo letu liko hapo. Sayansi ya huu ugonjwa ilimalizana na maswali makubwa kitambo. Madaktari waliofanya utafiti kwenye nchi ambazo kirusi hiki kimejaa walishatupea chanjo, kipimo na dawa. Kilichobaki ni swali moja la kisiasa na la pesa: habari ikufikie kupitia mlango gani? Mlango wa ofisi ya viza, ama mlango wa kliniki ya mtaani kwenu? Jibu linaamua ni nani atatibiwa na ni nani atapotea.

Kwanza, hii kitu ni nini?

Hepatitis B ni homa ya ini inayoletwa na kirusi. Usiichanganye na homa ya manjano, ile ya mbu, ambayo ni story tofauti kabisa na ina chanjo yake tofauti. Hepatitis B inapitia kwa damu, kwa ngono bila kinga, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Inaweza pia kupitia wembe wa kushare, sindano iliyotumika, ama vifaa vya tattoo na vya kinyozi visivyosafishwa. Kirusi chenyewe ni kigumu: kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kiambukize.

Haipitii kwa kikombe, kwa sahani, kwa kukumbatiana, kwa kikohozi ama kwa choo. Soma hiyo mstari tena, kwa sababu kuna watu wametengewa vijiko nyumbani kwao bure tu.

Shida ya ini ni kwamba halipigi kelele. Jino likiuma utajua usiku huo huo. Ini linaweza kuliwa polepole miaka 20 ama 30 na wewe uko kazini, uko gym, unazalisha watoto, husikii kitu. Siku tumbo limejaa maji na macho yamegeuka ya njano, mara nyingi ini lishakauka na makovu, ama kansa ishaingia.

Umri ulioambukizwa ndio unaamua mambo mengi. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kawaida hupigana na kushinda. Chini ya asilimia 5 ndio hubaki na kirusi maisha yote. Mtoto mchanga akiambukizwa, hesabu inageuka juu chini: karibu 9 kati ya 10 hubaki nacho. Kwa hivyo msee wa miaka 27 aliyeandikwa "unfit" si lazima awe alikuwa na maisha ya kurukaruka. Kuna uwezekano mkubwa alikipata siku aliyozaliwa ama alipokuwa mtoto mdogo akicheza na wenzake. Wanaomwangalia vibaya kijijini wangejua hiyo hesabu, wangenyamaza.

Ni wangapi? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema kwenye ripoti yake ya 2024 kwamba watu milioni 254 walikuwa wanaishi na Hepatitis B mwaka wa 2022. Ukiweka B na C pamoja, homa ya ini iliua watu milioni 1.3 mwaka huo, kama 3,500 kila siku. Hapa nyumbani, damu iliyokusanywa kwenye utafiti wa kitaifa wa ukimwi wa 2007, ule wa KAIS, ilipopimwa Hepatitis B, asilimia 2.1 ya watu wa miaka 15 hadi 64 walipatikana nayo. Hiyo ilikuwa takriban watu 400,000. Jaza Kasarani yote, halafu uijaze tena mara 5, bado utabaki na watu nje.

Daktari aliyefuata wanaume 22,707

Kuna jina ambalo wengi wetu hatujaskia shuleni: Palmer Beasley. Alikuwa daktari Mmarekani aliyehamia Taiwan miaka ya 70, wakati huko homa ya ini ilikuwa kila mahali na kansa ya ini ilikuwa inafyeka wanaume wakiwa bado wanalea. Wakati huo kirusi chenyewe kilikuwa kimejulikana, kazi ya daktari mwingine Mmarekani, Baruch Blumberg, aliyepewa Nobel mwaka wa 1976. Kilichokuwa kinabishaniwa ni kama kirusi hicho ndicho kinaleta kansa, ama vinapatikana tu mahali pamoja.

Beasley hakukaa ofisini kubishana. Aliandikisha wanaume 22,707, akawapima damu kujua nani ako na kirusi na nani hana, halafu akangoja. Alichapisha matokeo 1981: waliokuwa na kirusi walikuwa kwenye hatari ya kansa ya ini mara 223 kushinda wasio nacho. Mara mia mbili ishirini na tatu. Kwenye utafiti wa magonjwa, kitu kikiongeza hatari mara 3 watu hushtuka. Hii ilifunga mjadala.

Yeye na wenzake, akiwemo mke wake Lu-Yu Hwang ambaye pia ni daktari, walionyesha pia kwamba kwa Taiwan njia kuu ilikuwa mama kwa mtoto, na kwamba ukimkinga mtoto mara tu anapozaliwa unaweza kukata hiyo njia. Serikali ya Taiwan ilisikiza. Julai 1984 ilianza kuchanja watoto wa akina mama walio na kirusi, na miaka 2 baadaye ikachanja watoto wote. Kufikia miaka ya 90, kansa ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu: kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Ilikuwa mara ya kwanza dunia kuona chanjo ikipunguza kansa ya binadamu.

Afrika haikuachwa nje ya hiyo story. Gambia, nchi ndogo kushinda kaunti zetu kadhaa, ilianza utafiti mkubwa wa chanjo 1986 ambao uliandikisha watoto zaidi ya 120,000. Kwa hivyo mtu akikuambia chanjo ya Hepatitis B ni kitu kipya kinajaribiwa kwa Waafrika, mwambie kiko kwenye mwaka wake wa 40.

Gambia ilitufunza kuhusu mlango

Ni hiyo hiyo Gambia iliyotupa somo la pili, na hili ndilo linagusa vijana wa Nairobi moja kwa moja. Kati ya 2011 na 2014, timu ya mradi unaoitwa PROLIFICA, akiwemo daktari wa ini Maud Lemoine wa Imperial College London, ilijiuliza swali la kawaida sana: tukienda kupima watu Hepatitis B, wangapi watakuja hospitali baada ya kuambiwa wako nayo?

Walipima kwa njia 2. Ya kwanza, walienda vijijini na mitaani na kipimo cha haraka, tone la damu kutoka kwa kidole, na majibu ukapewa hapo hapo na mtu wa kukueleza. Ya pili, walitumia watu waliokuwa wamekuja kuchangia damu. Kwa jamii, watu 5,980 walipimwa na asilimia 8.8 walikuwa na kirusi. Kwa wachangiaji damu 5,559, ilikuwa asilimia 13.

Sasa angalia hii. Kati ya waliopatikana nayo mtaani, kama asilimia 81 walifika kliniki kuanza kufuatiliwa. Kati ya waliopatikana nayo wakichangia damu, ni kama asilimia 42 tu. Nchi ile ile, ugonjwa ule ule, kliniki ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa mlango walioambiwa kupitia, na kama kulikuwa na mtu wa kuwashika mkono baada ya kuambiwa.

Chukua hiyo hesabu uilete kwa medical ya Gulf. Kituo cha damu angalau ni sehemu ya mfumo wa afya, kinaweza kukupigia simu. Kituo cha medical ya safari kipo kujibu swali la mwajiri: huyu aende ama asiende? Kikishajibu, kazi imeisha. Hakina sababu ya kukufuata, na wewe huna hamu ya kurudi mahali ndoto yako ilizimiwa. Kama kituo cha damu kilipoteza zaidi ya nusu ya watu huko Gambia, fikiria mlango ambao hata haujifanyi kuwa wa matibabu.

Na kuna kitu kingine kwenye hiyo research ambacho kila mtu aliyeambiwa ako na Hepatitis B anafaa kujua kabla hajaanza kuandika wosia. Kwa masharti ya wakati ule, kati ya waliopatikana nayo mtaani ni asilimia 4.4 tu waliohitaji kuanza dawa. Wengine walihitaji kufuatiliwa tu, kupimwa mara kwa mara. Machi 2024 WHO ililegeza masharti ili watu wengi zaidi waanze dawa mapema, kwa hivyo leo idadi ingekuwa juu. Lakini ujumbe ni ule ule: kupatikana na kirusi si hukumu ya kifo. Ni sababu ya kuwa na daktari.

Kenya tumekwama wapi?

Tupeane sifa mahali zinafaa. Mwisho wa 2001 Kenya ilianza kupea watoto chanjo ya magonjwa 5 kwa sindano moja, na Hepatitis B ni mojawapo. Ukizaliwa baada ya hapo na mathe akakupeleka kliniki, kuna uwezekano mzuri uko na kinga. Ukizaliwa kabla ya 2002, chanjo hiyo haikuwa kwa ratiba ya kliniki. Manake wengi walio kwenye foleni za Gulf wakiwa na miaka 25 na zaidi, pamoja na makanga, kinyozi, nesi, mlinzi na wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, hawakuchanjwa utotoni na hakuna aliyerudi kuwatafuta.

Pengo la pili ni wiki 6. Ratiba yetu imekuwa ikitoa dozi ya kwanza mtoto akifika wiki 6, halafu wiki 10, halafu 14. WHO inasema dozi ya kwanza iingie ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mama akiwa na kirusi, mtoto anakutana nacho hapo hapo kwa kitanda cha kujifungulia. Kungoja wiki 6 ni kama kufunga geti asubuhi wakati mwizi aliingia jioni. Na Kenya haiko peke yake: kwa Afrika yote, WHO ilihesabu kwamba ni asilimia 18 tu ya watoto walikuwa wanapata dozi ya siku ya kuzaliwa, ilhali bara letu ndilo lilikuwa na asilimia 63 ya maambukizi mapya ya Hepatitis B duniani.

Pengo la tatu ndilo linauma zaidi, kwa sababu dawa iko hapa tayari. Dawa kuu ya Hepatitis B inaitwa tenofovir. Kama hilo jina unalijua, ni kwa sababu iko ndani ya ARV ambazo Wakenya wenye HIV wamekuwa wakipewa bure miaka mingi. Mtu akiwa na HIV na Hepatitis B pamoja, tembe yake moja inapiga zote 2. Lakini mtu akiwa na Hepatitis B peke yake, mara nyingi anaambiwa ajinunulie. Dawa ile ile, kirusi tofauti, bili tofauti.

Utasema labda ni ghali. WHO iliandika 2024 kwamba bei ya chini inayowezekana kwa tenofovir isiyo ya brandi ni kama dola 2.40 kwa mwezi. Ni nchi 7 tu kati ya 26 zilizotoa taarifa zilikuwa zinalipa bei hiyo ama chini yake. Dola 2.40 ni kitu kama bob 300. Wengi wetu tunatumia zaidi ya hapo kwa bundles kila wiki. Kinachofanya matibabu yawe ghali ni vipimo vya kando: kuhesabu kirusi kwa damu, kupima kazi ya ini, ultrasound. Hapo ndipo msee anauza simu ama anakata tamaa.

Watetezi wa gava wana hoja, na si ya kutupwa. Wanasema pesa ni kidogo, asilimia 2 si asilimia 10, na kuna malaria, kansa ya kizazi na sukari zinazongoja kwa foleni. Pia misaada inakauka: Juni 2025 Marekani ilitangaza kuacha kufadhili Gavi, shirika linalosaidia nchi kama yetu kununua chanjo, na katikati ya mwaka huo huo akina mama Kenya walikuwa wanazungushwa hosi hadi hosi kwa sababu chanjo za BCG na polio zilikuwa zimepungua. Tukishindwa na hizo za kawaida, nani ataongeza nyingine ya siku ya kuzaliwa?

Lakini hiyo hoja inasahau kwamba tayari tunalipa. Tunalipa wodini, mtu wa miaka 40 akilazwa na maji tumboni, na harambee ya WhatsApp ikianza kwa group ya familia. Tunalipa kwa wale vijana walioandikwa "unfit", ambao pesa walizokopa haziwezi kurudi. Kansa ya ini ikishaonekana kwa macho, hakuna dola 2.40 ya kuitibu. Na kipimo chenyewe si cha ajabu: damu ya kuchangiwa hapa Kenya hupimwa Hepatitis B pamoja na HIV, Hepatitis C na kaswende, na KEMRI ilishawahi kutengeneza kifaa chake cha kupima kirusi hiki. Ujuzi tunao. Kukosa ni mpango.

Sumu iliyo kwa sahani

Kuna mwenzake Hepatitis B ambaye Wakenya tunamjua vizuri: aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwa mahindi na njugu zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka wa 2004 ilishika Makueni, Kitui na maeneo ya karibu, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa 5 za unga wa ugali kwa sababu hiyo hiyo.

Watu huongea juu ya aflatoksini kama sumu ya kuua haraka. Kazi yake ya polepole ndiyo hatari zaidi. Utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanaume zaidi ya 18,000 ulipata kwamba sumu hii peke yake iliongeza hatari ya kansa ya ini kama mara 3, na Hepatitis B peke yake kama mara 7. Mtu akiwa na zote 2, hatari ilifika karibu mara 60. Haziongezeki kwa kujumlisha, zinazidishana. Sasa weka nchi inayokula ugali kila siku na isiyopima ini, halafu uniambie asilimia 2 ni kidogo.

Kelele kutoka Marekani

Desemba 2025 jopo linaloshauri serikali ya Marekani kuhusu chanjo lilipiga kura kuacha pendekezo la miaka mingi kwamba kila mtoto achanjwe Hepatitis B siku anayozaliwa. Pendekezo jipya lilisema kwa mtoto ambaye mama amepimwa na hana kirusi, mzazi aamue na daktari. Ndani ya siku chache video zilikuwa TikTok zikisema "hata Marekani wameikataa".

Pole pole hapo. Hata hilo jopo halikuondoa chanjo kwa mtoto wa mama aliye na kirusi, ama mama ambaye hajapimwa. Na hapo ndipo sisi tuko. Huko wajawazito wengi hupimwa. Huku mama wengi hufika leba bila kujua hali yao. Mjadala wa nchi inayopima wajawazito wengi hauwezi kuletwa mzima mzima kwa nchi isiyopima, kama vile hauwezi kuazima koti la Chicago uvae Garissa. Madaktari wengi wa Marekani kwenyewe waliipinga hiyo kura. Kwetu, dozi ya saa 24 ingekuwa ndio mlinzi pekee ambaye mtoto wa mama asiyepimwa anaweza kuwa naye.

Sasa wewe, form ni gani?

Kama hujawahi kupimwa, pimwa kabla agent hajakupima. Kipimo kinaitwa HBsAg, ni damu kidogo tu. Kikisema huna, uliza chanjo. Kwa mtu mzima ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Usiruke ya mwisho. Na kama medical yako iko wiki ijayo, usikimbie kuchanjwa leo ndio uonekane msafi: kwa siku kadhaa baada ya sindano, kipimo kinaweza kushika alama ya chanjo yenyewe na kusema uko na kirusi. Panga mapema.

Kikisema uko nayo, pumua. Rudia kipimo baada ya miezi 6. Ikiwa bado iko, hiyo ndiyo inaitwa ya kudumu. Muulize daktari vitu 3: kirusi ni kingi kiasi gani, ini linafanya kazi aje, na je kuna makovu? Majibu hayo ndiyo yanaamua kama utaanza dawa sasa ama utafuatiliwa. Pima HIV pia kabla ya tenofovir, na usiazime ARV za mtu. Ukishaanza dawa usiiache ghafla kwa sababu unajiskia poa, kirusi kinaweza kurudi kwa hasira na kuumiza ini vibaya. Punguza pombe kabisa, ini lako tayari liko na kesi moja. Mpenzi wako na watu mnaoishi nao wapimwe na wachanjwe. Mwenye mimba aulize kliniki kama Hepatitis B iko kwenye vipimo vyake, asingoje aambiwe.

Na wale wanaouza mitishamba ya kuosha ini kwa wiki 2? Hakuna dawa leo inayong'oa kirusi hiki kwa wiki 2. Wanajua unaogopa, na woga wako ndio mtaji wao. Agent naye anayesema anaweza "kupanga" majibu anakuuzia tiketi ya kurudi: ukifika Gulf unapimwa tena kabla ya kupewa kibali cha kuishi, na ukipatikana unarudishwa na deni juu.

Kuhusu hizo nchi za Gulf zenyewe, sheria yao ya kumkataa mtu wa kupika ama kufua kwa sababu ya kirusi kisichopitia chakula wala nguo haiendani na kile madaktari wanajua. Lakini ni nchi zao, na Bunge letu haliwezi kuibadilisha. Kile Bunge na kaunti zinaweza kufanya ni kuhakikisha kila kituo kilichopewa kibali cha kupima wasafiri hapa Kenya kinalazimika kumpa aliyepatikana nayo barua ya kwenda kliniki iliyotajwa jina, na kwamba kliniki hiyo iko na tenofovir kwa rafu bila kuuliza kama uko na HIV kwanza. Dawa tayari huingia nchini kwa lori. Kinachotakiwa ni mtu wa wizara kuandika mstari mmoja zaidi kwenye orodha ya wanaostahili kuipata.

Budget ya kaunti yako hupitishwa kila Juni na kuna vikao vya wananchi kabla. Swali la kuuliza ni fupi: mwaka huu mmetenga ngapi ya kupima na kutibu Hepatitis B? Wakikosa jibu, mshajua ni kwa nini ofisi ya viza ndiyo inatufanyia kazi ya hospitali.